Kori ya Furungu Moja

Pale mjini Bhuj, nje ya kibanda cha chai cha Velbai, kuna baraza la mawe lililolainishwa na makalio ya watu wasio na haraka. Alasiri ile Hirji sonara, wenyewe humwita Nyundo, alikuja hana raha. Kesho yake mjukuu wake Jasu anaolewa. Furungu la mguu wa kulia lilikuwa tayari. La kushoto limepungukiwa fedha kidogo tu ya kulimalizia. Nyumba nzima ilibaki na kori moja tu, sarafu kongwe ya fedha aliyoachiwa na bibi yake, na ndiyo hiyo alitaka kuiyeyusha.

— Igonge kwanza tuisikie, akasema Premji pale barazani, ambaye kwa maneno yake mengi wamempachika jina la Redio.

Hirji akaiangusha jiweni, kama sonara yeyote afanyavyo.

Chwa. Kimya. Chwa.

Premji akaweka kisahani cha chai chini.

— Umegonga mara ngapi?

— Moja.

— Acha utani, Nyundo.

— Moja, nakwambia!

Velbai akachomoza kichwa kutoka kwenye moshi wa jiko.

— Hiyo ya vita, hiyo! Mfalme aliishiwa fedha ya kulipa askari, akaomba furungu moja kwa kila mwanamke, ayayeyushe kuwa kori. Moja tu! Vita vikiisha, atarudishiwa. Bibi yangu alikuwa akituigizia walivyotembea mji mzima: mguu unalia, mguu kimya.

— Wakarudishiwa? akauliza Hirji.

— Thubutu!

— Basi humo ndani mna hatua za mtu, akasema Premji. Ukiiyeyusha zinaingia mguuni kwa Jasu. Atatembea asikokujua.

— Redio, umeshaanza, akasema Hirji.

— Haki ya Mungu! Kwa mjomba wangu kulikuwa na moja, unailaza kabatini, asubuhi unaikuta mlangoni.

— Mjomba wako alikuwa mlevi, akasema Velbai. Lakini hakucheka.

— Sasa mnataka nini? Hirji akafoka. Mtoto aende kwa wakwe na mguu mtupu, wamcheke mpaka azeeke?

Akaiokota kori. Jua lote lile, nayo ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Mara akapita mchunga ngamia, mgeni wa mtaa, akaagiza chai. Akanywa amesimama, macho yake yakipita juu ya bega la Hirji.

— Samahani wazee wangu. Huyo bibi hapo nyuma, mwenye furungu mguu mmoja, anamngoja nani?

Wote walijua nyuma ya Hirji pana ukuta. Hakuna aliyegeuka.

Hirji akapeleka mkono nyuma bila kutazama, kiganja wazi, kori katikati. Ikachukuliwa taratibu, kama mtu achukuavyo chake. Kisha hatua zikateremka mtaani, chwa, chwa, chwa, bila kimya katikati.

Chai ikafurika jikoni, Velbai asiione. Hirji alibaki na kiganja kitupu, akimsikia Jasu wa kesho akiingia kwa wakwe: mguu unalia, mguu kimya.