Boila Likizima, Nani Anamwita Fundi?

Mheshimiwa Diwani, wajumbe wenzangu wa bodi, wakurugenzi wetu wawili, wafanyakazi, na ninyi wageni wetu mnaolala hapa, ambao itifaki huwataja mwisho ingawa nyumba ni yenu: nawasalimu.

Kosa wanalofanya wengi wakisikia shirika lina wakurugenzi wawili ni kudhani kwamba hao wawili watagombana. Laiti wangegombana! Sisi hapa mjini Duluth tulipata balaa kubwa zaidi: wawili wanaoheshimiana.

Niruhusuni nieleze, maana nilifundisha hesabu miaka thelathini na tabia hiyo hainitoki. Marlys aliiongoza nyumba hii ya wasio na makazi peke yake kwa miaka kumi na tisa, akaondoka na presha. Bodi, chini ya mwenyekiti wake mwenye busara, yaani mimi ninayeng'atuka leo, ikaona mzigo ule ubebwe na wawili. Lilikuwa wazo zuri, na bado naliamini. Tukawateua Corinne Niemi na Desmond Achterberg, tukawapa cheo kimoja na ofisi moja, kisha tukaandika sentensi iliyotufanya tujipigie makofi: "Hakuna atakayeamua peke yake." Nani kati yetu aliuliza, "Na kama hawako pamoja, je?" Hakuna. Ungekuwa utovu wa adabu.

Mnaijua keki yetu ya kunywea kahawa. Kipande cha mwisho kikibaki kwenye sahani, mtu wa hapa hakimalizi, hukata nusu. Anayefuata hukata nusu ya ile nusu. Kufikia jioni kimebaki kijiukanda chembamba ambacho hata panya angekionea huruma, kila mtu ameonyesha adabu yake, na sahani haijaoshwa.

Basi Jumapili moja ya Januari, saa mbili asubuhi, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, boila linalopasha joto nyumba nzima likazima. LaVonne, mpishi wetu, akampigia simu Corinne.

"Bosi, boila limekufa. Nimwite fundi?"

"Asante sana kwa kunijulisha, LaVonne. Ngoja kwanza nimshirikishe Desmond."

Corinne akamwandikia mwenzake: "Nitakuunga mkono kwa lolote utakaloamua." Desmond akajibu, na nampongeza kwa wepesi wake: "Hapana, mimi ndiye nitakayekuunga mkono wewe." Wakaungana mkono hivyo hadi saa saba mchana. Barua pepe kumi na moja! Nimezisoma zote, na sijapata kuona unyenyekevu wa namna ile. Wakati huo humu ukumbini watu thelathini na wanne walikuwa wamejifunika makoti, taulo, na pazia la jukwaa hili.

Orville, mgeni wetu yule pale meza ya tatu, akamfuata LaVonne jikoni.

"Mama, vidole vya miguu sivisikii kwa baridi."

"Vua viatu, kaa hapa karibu na oveni. Wakubwa bado wanashauriana."

"Wakimaliza, waambie nilikuwa navyo kumi."

Alikuwa anatania. Sasa anavyo vinane.

Saa saba LaVonne akachoka kungoja, akamwita fundi kwa simu yake mwenyewe. Saa tisa mabomba yalikuwa ya moto. Na sisi, bodi yenye hekima, tulimtunukia nini mwanamke huyu? Barua ya onyo, kwa "kukiuka utaratibu wa maamuzi ya pamoja". Saini iliyo chini yake ni yangu, imenyooka vizuri sana. LaVonne, barua yenyewe hii hapa, nimeitoa kwenye faili lako. Bodi iliifuta jana na, ajabu, iliamua kwa dakika nne. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa. Wewe pia, Orville, ingawa umenikataza nisikuonee huruma.

Corinne, Desmond, sina ugomvi nanyi. Mlitii tulichoandika. Wawili huongoza vizuri pale ambapo kila mmoja ana mambo ambayo neno lake ndilo la mwisho, mwenziwe anayajua, na sisi wengine tunajua tukabishe hodi mlango upi. Tulipaswa kuyagawa siku ya kwanza. Tuliona haya, kwa sababu kumpa mmoja uamuzi kulionekana kama kumpokonya mwingine. Haya yetu ndiyo iliyomgharimu Orville.

Kwa miaka kumi na mmoja mmenivumilia na maelezo yangu marefu, na leo mmeyasikiliza tena. Asanteni sana.

Tarehe mosi Novemba tunaanza tena majira ya baridi, na boila ni lilelile. Mezani kwenu, Corinne na Desmond, kando ya kile kipande cha mwisho cha keki, nimeweka kalamu na karatasi yenye mstari mmoja: "Boila likizima, anayemwita fundi ni..." Kabla hamjainuka leo, andikeni hapo jina moja.