Tulivyofunika Kahawa Tukasahau Pua

Benchi yetu hapa Kitale ilikuwa kando ya ghala la mahindi, pale malori yanaposubiri zamu kutwa nzima injini zikinguruma. Nasema ilikuwa, kwa sababu siku hizi iko ng'ambo ya barabara, na walioihamisha ni sisi wenyewe, tusije tukanyimwa sifa zetu. Wengi wetu ni watu wa bodaboda, na Nangila anatuuzia kahawa. Lori likikanyagwa mafuta na moshi mweusi ukaja, kila mtu alikuwa akifunika kikombe chake kwa kiganja, tunanyamaza hadi upite, halafu ubishi unaendelea. Ufundi huo tuliuonea fahari kabisa. Lakini Jumatatu ninayoisimulia hatukuwa na raha. Makokha, tunayemwita Tarumbeta kwa kuwa ndiye mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa, alikuwa amekohoa jana yake katikati ya ule mlio mrefu wa kufungulia wimbo, waumini wote wakimtazama. Kiongozi wa bendi alimwambia mlio ukikatika tena, kwenye maandamano ya kanisa kule Bungoma atapiga Hillary, mpigaji wa akiba. Makokha amepiga tarumbeta tangu ujana wake. Aliketi ameikumbatia, na roho yangu iliniuma kumwona.

Makokha: Kifua inafunga, bana. Navuta pumzi inafika hapa tu, halafu ni kama mtu ameniwekea gunia.

Kiplagat hubeba maziwa ya Endebess kwa pikipiki, na kwake hakuna ugonjwa usiotibika kwa kilicho ndani ya mtungi wake.

Kiplagat: Si nilikuambia maziwa? Maziwa inaosha kifua. Vumbi, moshi, yote inateremka.

Nangila: Inateremka ikienda wapi? Maziwa inaenda tumboni, Kiplagat.

Kiplagat: Lakini inapitia hapo karibu.

Makokha: Nimekunywa tangu tupande mahindi. Kitu imeongezeka ni kitambi.

Hapo mzee Eliakim akakohoa kidogo, ishara kwamba kikao kimeanza. Alistaafu ukarani wa mahakama, nasi tunamwita Jaji kwa sababu hutoa hukumu kabla ya ushahidi.

Jaji: Makokha hana ugonjwa. Ni tarumbeta inavuja.

Tukachangamka, maana mambo ya kuvuja tunayajua. Tyubu ya pikipiki ikitoboka unaizamisha majini, unatafuta mapovu. Nangila akatoa beseni lake la kuoshea vikombe huku akitusema. Tukazamisha tarumbeta, Makokha akapuliza. Mapovu yakatoka mahali yanapostahili kutoka, mbele, kisha yakaisha ghafla. Makokha alikuwa akikohoa mpaka machozi.

Kiplagat: Tarumbeta iko sawa.

Jaji: Basi anayevuja ni Makokha.

Nangila: Sasa tumzamishe yeye?

Kiplagat: Beseni ni ndogo.

Jaji: Ngojeni, nimeipata. Kitale iko juu, Bungoma iko chini. Ni uongo?

Makokha: Ni kweli, mzee.

Jaji: Na hewa iko na uzito. Kitu yenye uzito inafanya nini? Inateremka! Hewa yetu yote imeteremka, imejaa Bungoma. Wewe Tarumbeta, usijaribu hapa. Kapigie huko, utapata hewa mpaka ikushinde.

Kiplagat: Aah! Ndio maana watu wa Bungoma wanaongea sana.

Nangila: Ati? Mimi ni wa Kibabii, huko huko Bungoma. Rudisha kikombe yangu.

Kabla hajakirudisha, lori lililokuwa mbele yetu likanguruma na moshi ukatumwagikia. Viganja vyote juu ya vikombe. Ulipopungua tukamwona mama mmoja amesimama, jogoo kapuni, leso puani. Alikuwa ametoka Sirisia kumwona binti yake, akitafuta pikipiki. Jina lake Mama Bilha.

Mama Bilha: Mulembe, watoto wangu.

Sote: Mulembe, mama.

Mama Bilha: Mbona mmefunika kahawa?

Kiplagat: Moshi isiingie, mama. Inaharibu. Inaacha mafuta nyeusi juu.

Mama Bilha: Na hapa mnakaa mpaka saa ngapi?

Kiplagat: Mpaka jioni. Kila siku.

Mama Bilha: Sasa nyinyi wenyewe mnafunikwa na nini?

Tulimtazama Jaji. Jaji akatazama kikombe chake, akaondoa kiganja.

Kiplagat: Mimi macho inawasha kila jioni. Nilidhani ni uchovu.

Nangila: Na mimi kichwa. Jumapili nikipumzika, haiumi.

Makokha alisimama, akampa Mama Bilha tarumbeta amshikie, akainama kwenye benchi.

Makokha: Inueni.

Jaji: Na wateja?

Nangila: Wako na miguu. Watavuka.

Mimi nilishika mguu wa nyuma, na yeyote atakayewaambia vingine ni mwongo. Tulivuka barabara na benchi, Nangila mbele na birika, magari yakipiga honi, jogoo wa Mama Bilha akiwika kama aliyelipwa. Tukaiweka karibu na duka la vyuma la mzee Harnam, ambako upepo wa mlimani unapita. Mzee akatoka, akatuangalia, akasema tukae lakini tusizibe mlango.

Kesho yake Makokha akaenda kliniki. Daktari alimweleza kwamba moshi wa dizeli na vumbi hubana njia za pumzi, na wanaoshinda barabarani ndio wanaovuta mwingi zaidi. Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo na kumwambia asikae karibu na bomba la moshi, na akiendesha avae barakoa. Pumzi haikurudi kwa siku moja. Mwanzoni tarumbeta ililia kama ndama aliyekosa mama, na Makokha nusura aache. Tulimkatalia. Kila jioni alipiga pale kwenye benchi mpya, mpaka Hillary mwenyewe akaja kusikiliza, akasema ukweli kwamba hawezi kumfikia.

Tulienda Bungoma sote. Makokha alipoanza ule mlio mrefu, ulikwenda, ukakwenda, hata mpiga ngoma akasahau kuingia. Nangila alilia waziwazi. Mimi pia, bila aibu.

Jaji: Si niliwaambia hewa iko huku!

Tuliporudi, lori likaja kuegesha upande wetu, injini ikinguruma. Makokha akachukua tarumbeta, akaenda taratibu mpaka kwenye dirisha la dereva, akavuta pumzi ile ambayo sasa inafika mpaka chini. Akapuliza. Akaendelea kupuliza.

Dereva: Basi, bana! Nazima! Si nimezima!

Akazima. Barabara ikatulia. Nangila akatumiminia kahawa, tukaiacha wazi.