Mguu wa Mwalimu Makokha

Basi la kwenda Al Thumama, hapa Doha, lilikuwa na baridi ya friji, ila wale Wakenya wawili mbele yangu, soja wa kulinda mageti na nesi, walikuwa wamechemka. Walikuwa wamejuana hapo kituo cha Al Mansoura tu, na tayari wanamgombania marehemu Makokha, aliyekuwa mchezaji bora wa soka wa vyuo mwaka 2003.

"Alikitupa kipaji chake, sista," alisema soja. "Tuzo kubwa hivyo, halafu unaenda kufundisha shule ya kijijini?"

"Mimi ndiye aliyenifundisha huko," alijibu nesi. "Alitufunza mpira sisi wasichana, shule ikatusamehe karo. Bila yeye ningefika Doha, kaka yangu?"

Soja aliinua mkono, kama mtu aliyefungwa lakini bado anadai ofsaidi.

"Sawa. Lakini lile bao la fainali ya vyuo alilipiga na mguu wa kulia."

"Wa kushoto! Alituonyesha mwenyewe."

"Wallahi, si nilikuwa uwanjani!"

Basi likasimama, wakashuka wakibishana na kucheka. Nusura niwaite. Golini siku ile nilikuwa mimi, na mguu wenyewe sikuuona. Niliuona mpira tu, nilipokuwa nautoa wavuni.