Kofia, Picha na Kioo cha Ijumaa: Maisha ya Festus Mbuvi Mulwa (9 Machi 1972 – 15 Agosti 2009)

Ndugu, jamaa, majirani wa Kitengela na Kisaju, na nyinyi mliotoka Mashuuru kabla ya jogoo: tumekuja kumsindikiza kijana wetu. Mimi ni Musau, mjomba wake, ndugu mdogo wa mama yake. Kamati ilitaka wasifu huu uandikwe na mwalimu. Nikawaambia mwalimu alimfundisha hesabu tu, lakini kupiga mluzi, kukamua mbuzi na kujibu watu wakubwa bila kuchapwa, hayo ni mimi. Wakaona heri waniachie kalamu.

Marehemu Festus Mbuvi alizaliwa tarehe 9 Machi 1972 huko Mashuuru, mtoto wa kwanza wa Mzee Mulwa, aliyefanya kazi kwenye josho la ng'ombe mpaka alipotuacha mwaka wa 1991, na Mama Phylis, dada yangu. Mwaka wa 1980 mpiga picha mmoja mwenye baiskeli alifika sokoni Mashuuru. Alikuja kunipiga picha mimi, kwa sababu nilikuwa na kofia mpya ya kahawia yenye ukingo mpana, na kofia kama hiyo haikuwako toka Mashuuru hadi Sultan Hamud. Mbuvi akaninyang'anya akaivaa. Ikamfunika mpaka puani.

"Mjomba," akauliza, "mbona dunia imekuwa giza?"

Mama yake akacheka hadi akamshika bega asianguke. Mpiga picha, mtu asiyejua thamani ya vitu, akawapiga hao wawili akaniacha mimi nje. Hiyo ndiyo ilikuwa picha pekee ya utoto wake. Naomba muikumbuke, kwa maana tutairudia.

Alisoma shule ya msingi hapo Mashuuru kuanzia 1979 hadi 1986, kisha sekondari mjini Kajiado, akamaliza mwaka wa 1990. Mimi ndiye niliyembebea godoro siku ya kwanza. Mimi niliishia darasa la tano, kwa sababu mwalimu wangu alikuwa amemaliza yote aliyojua, kwa hiyo nilipofika kwenye lango la sekondari nilisimama kama mkaguzi. Mbuvi alinivuta shati akaninong'oneza, "Mjomba, enda sasa, wanadhani wewe ndiye mwanafunzi mpya." Alikuwa mtoto wa maneno tangu hapo.

Baada ya shule aliuza misumari na mabati kwa duka moja la Kajiado, akajifunza kupiga chapa jioni, na mwaka wa 1995 akaenda Nairobi kusomea kompyuta. Mwaka wa 1998 alifungua duka lake Kitengela, karibu na barabara ya Namanga, wakati ambapo kila mtu alikuwa anauza au ananunua ploti na makubaliano yote yanahitaji kupigwa chapa. Kazi ilikuwa nyingi. Lakini si kupiga chapa kulikomfanya ajulikane. Kila Ijumaa alibandika mlangoni karatasi moja aliyoiita Kioo cha Ijumaa, yenye habari za kompyuta: programu gani mpya imetoka, virusi gani vimeingia, jinsi ya kubadilisha rangi za kioo cha kompyuta yako. Chini kabisa aliweka utani. Siku hiyo hiyo alibadilisha wallpaper, ile picha inayokaa nyuma ya kila kitu kwenye kioo, katika mashine zote za duka. Mlima wiki hii, harusi ya mteja wiki ijayo, mara mbuzi amevaa tai.

Hata watu ambao hawakuwa wameshika kompyuta maishani walipitia hapo kusoma. Mwisho wa 1999, dunia ikiogopa mwaka wa elfu mbili, aliandika: "Wanasema kompyuta zitadhani tumerudi 1900. Ikitokea, mnaotafuta ploti Kitengela harakisheni kabla bei haijapanda." Na kuhusu zile update, mashine inapojiboresha programu zake, zinazokuambia subiri kidogo, karibu nimalize, aliandika: "Huyo ni mgeni wa Nairobi aliyekupigia simu akasema amefika Athi River, hapo jirani. Usipakue chakula bado." Hiyo ikawa methali ya duka. Mashine ikichelewa, mtu yeyote alisema, "Iko Athi River," na watu wakacheka wakangoja.

Picha moja tu hakuibadilisha. Mama Naeku, anayetuletea maziwa, alimletea picha ya ng'ombe wake mwekundu, mwenye pembe moja iliyoangalia chini. Mbuvi akaiweka kwenye mashine ya kona. Ukame wa mwaka 2000 ukamchukua yule ng'ombe. Tangu hapo Naeku aliingia na maziwa yake, Mbuvi akamsalimu mama huyo kwa Kimaasai, "Takwenya, yieyo," naye akajibu "Iko," akaenda moja kwa moja kona ile kumwangalia ng'ombe wake kidogo kabla ya kuendelea na njia. Ijumaa zikaja zikapita. Mashine zote zikabadilika, ya kona ikabaki.

Tarehe 12 Desemba 1998 marehemu alifunga ndoa na Mugure, binti wa watu wa Murang'a. Wazee wengine walikunja uso. Lakini siku ya kwanza Mugure alipofika alimwamkia dada yangu "Maitu," yaani mama kwa Kikuyu, na sisi Wakamba tunasema "Mwaitu," dada yangu akasema, "Basi huyu amefika karibu na nyumbani, amebakisha tu kona." Mungu aliwajalia Nzisa mwaka wa 2000 na Mulwa mwaka wa 2004. Ninayo mengi ya kusema juu ya harusi ile na jinsi nilivyocheza, lakini kamati imeyakata.

Mwaka wa 2001 dada yangu alihamia kwao. Alikaa pembeni dukani akishona vitambaa vya krosha vya kufunika mashine kwa ajili ya vumbi la Kitengela, kila moja na rangi yake. Hapo ndipo alipojifunza kompyuta kwa njia yake. Stima ikipotea, alimsikia mwanawe akishika kichwa: "Imeenda! Kazi yote imeenda!" Hivyo akajua, na hakuna aliyemwambia vingine, kwamba kilicho kwenye kioo kinakwenda pamoja na stima. Na ile picha ya kofia alikuwa ameihifadhi kwenye sanduku. Mwaka wa 2003 akafungua akakuta mchwa wameila, wamebakisha kona. Bahati nzuri Mbuvi alikuwa amekwisha kuiingiza kwenye kompyuta.

Mwaka wa 2007 figo za marehemu zilianza kukataa. Mara mbili kwa wiki Mugure alimpeleka Nairobi kusafishwa damu. Mbuvi hakulalamika mbele yetu. Aliendelea kutunga Kioo cha Ijumaa akiwa kitandani, Mugure akipiga chapa. Cha mwisho kilisema: "Daktari amesema figo zangu zinahitaji update. Nimemuuliza kama itafuta picha zangu. Amesema hajui." Watu walikisoma mlangoni na hakuna aliyecheka.

Kabla ya kulazwa mara ya mwisho alipitia dukani, akaweka ile picha ya kofia kwenye mashine ya mlangoni. Ijumaa tarehe 14 Agosti, hospitalini, alimuuliza Mugure, "Umebadilisha picha?" Mugure akamwambia amebadilisha. Hakuwa amebadilisha. Amenipa ruhusa niseme, kwa sababu anasema huo ndio uongo pekee aliowahi kumwambia. Kesho yake, Jumamosi tarehe 15 Agosti 2009, mchana, Mbuvi alitutoka mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka thelathini na saba.

Sasa nieleze jambo ambalo wengi mmelisikia vipande vipande. Dada yangu alitoka hospitalini akaenda moja kwa moja dukani, akaketi mbele ya mashine ya mlangoni, pale mwanawe anapoonekana na kofia yangu, akakataa kutoka. Hakulia. Alisema tu, "Hii ikizima, mtoto ameenda." Na mnajua mwaka huu, maji ya mabwawa yamekauka na stima ni ya mgao. Jirani yetu Wahome wa bucha akaleta jenereta yake. Kamati ya mazishi ikafanyia mikutano hapo hapo. Pasta alipokuja kuomba, akaambiwa, "Keti, Pasta, lakini usiguse waya."

Mugure alimbembeleza: "Maitu, picha iko ndani. Haipotei."

"Ndani wapi? Hata ile ya kwanza ilikuwa ndani ya sanduku."

Naeku akajaribu: "Phylis, ng'ombe yangu ilikuwa inazimwa kila jioni wakifunga duka. Asubuhi nikikuja, iko."

"Hiyo ni ng'ombe," dada yangu akasema. "Huyu ni mtoto."

Nikasema mimi sasa, mwenye maneno yanayotosha kata nzima. Nikamwambia siku ya kuzika imekaribia na mama hawezi kukosa. Akanijibu bila kuondoa macho kwenye kioo: "Nyinyi endeni mkamzike. Mimi nitabaki na huyu." Nikatoka nje nikamsaidia Wahome kutia petroli. Mashahidi wapo.

Juzi Alhamisi, saa sita mchana, stima ikiwa imeenda na mgao wake, jenereta ya Wahome ilikohoa ikanyamaza. Kioo kikawa cheusi. Dada yangu akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata tulipomzika Mzee Mulwa, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Tulimwacha alie. Naeku alimshika kichwa kifuani kwake. Wahome akatia petroli kimya kimya, mtambo ukashika.

Mugure akapiga magoti mbele yake. "Maitu, niwashe?"

Kisha akanishika mkono, huyu dada aliyezoea kunifinya, akasema, "Washa."

Mashine ikaamka. Lakini badala ya picha ikaleta maandishi, kwamba inamalizia update, tusiizime, tungoje kidogo. Tukangoja. Ikasema tungoje tena. Mugure alikuwa ameuma kidole. Ndipo dada yangu akajipangusa macho kwa kitambaa cha krosha, akasema polepole, kama anayeongea na mtu aliye chumba cha pili:

"Amefika Athi River."

Tulicheka, watu wangu. Tulicheka huku machozi yakitufika shingoni, Wahome wa bucha naye, mtu mkubwa vile. Na tulipokuwa bado tunacheka picha ikarudi: kofia yangu, pua ya mtoto chini yake, na mkono wa dada yangu akiwa msichana, umemshika bega.

Aliiangalia. Kisha akasema, "Zima."

"Maitu?"

"Zima, nione tena."

Mugure akazima, akawasha. Ikarudi. Mara iliyofuata dada yangu alibonyeza mwenyewe, kwa kidole chake. Ikarudi. Akaizima kwa mkono wake, akakunjua kitambaa cha rangi ya zambarau alichoshonea mashine hiyo, akaifunika, akalainisha pembe kama anayetandika kitanda. Halafu akauliza viatu vyake viko wapi.

Ndiyo sababu mnamwona leo ameketi hapa mbele.

Marehemu amemwacha mjane wake, Mugure. Watoto wake, Nzisa na Mulwa. Mama yake, Phylis. Dada yake, Mwongeli, na mumewe. Mimi mjomba wake. Na marafiki wasiohesabika, wakiwemo Naeku na wote waliosimama mlangoni pake siku za Ijumaa. Duka litafunguliwa wiki ijayo. Mugure amesema karatasi itaendelea, ila utani hana uhakika. Nimemwambia kwa upande huo asiogope, niko.

Mnaniona nimesimama kichwa wazi na jua la Kisaju si la mchezo. Asubuhi, kabla jeneza halijafungwa, nilimwekea kofia yangu. Nimeitunza tangu 1980, na kila nilipomtembelea aliniomba, na kila mara nilimwambia angoje, kichwa chake bado kidogo. Mungu amlaze mahali pema, mwana wa dada yangu. Kofia imemtosha.