Siku Niliyothubutu Kumuuliza Daktari

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana nimekaa na ushuhuda huu moyoni hadi unawaka.

Naitwa Ebei. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikaanza kuuza makaa hapa Kakuma ili dada yangu mdogo, Akai, asome. Ni sisi wawili tu.

Mwaka jana, akiwa kidato cha pili, Akai alianza kuumwa kichwa. Kila asubuhi akiamka anatapika. Zahanatini walitupa dawa za malaria, nikaitikia. Walipotupa tena, nikaitikia tena. Wao kwa wao walizungumza Kiingereza, nami niliona aibu kuuliza. Nikarudi nyumbani, nikachukua wembe, nikamchanja kwenye panja kama tulivyochanjwa sote utotoni, ili maumivu yatoke na damu. Damu ilitoka. Maumivu yalibaki.

Jirani yetu Mama Nyandeng, aliyetoka Sudan Kusini, hakunionea haya. "Wewe Ebei, mtoto anatembea anagonga ukuta na wewe unashika wembe? Jicho yake moja inaangalia wewe, ingine inaangalia Juba! Peleka Lodwar!"

Hospitali ya Lodwar alipigwa picha ya kichwa. Kuna uvimbe kwenye ubongo, wakasema, afanyiwe upasuaji Eldoret. Nikaitikia. Lakini ndani nilikuwa nimekufa, kwa sababu tangu Akai akiwa mdogo ni mimi niliyemtwika mtungi wa maji kutoka kwenye bomba. Nilijihukumu kwamba mitungi ile ndiyo iliyomharibia ubongo. Sikumwambia mtu.

Asubuhi ya upasuaji, huko Eldoret, muuguzi alikuja na mashine ya kunyolea. Akai akashika nywele zake kwa mikono miwili.

"Hapana! Kwetu tunanyolewa tukishazika. Kaka, unanililia kabla sijafa?"

Ndugu zangu, tulipowazika wazazi ni mimi niliyemshika akinyolewa. Daktari wa upasuaji alipoitwa alisema hatamlazimisha, lakini uvimbe ukiachwa utamnyang'anya macho, kisha uhai. Nikatoka nje, nikaegemea ukuta, nikaomba: Bwana, mimi sijasoma, nipe mdomo.

Nikarudi. "Daktari, ni lazima kichwa chote?"

"La, ni sehemu ndogo tu nyuma ya sikio. Mbona hukuuliza?"

Mdomo ulipofunguka haukufungika! Nikauliza na lile lililokuwa likinitafuna: "Na mitungi ya maji niliyomtwika, ndiyo iliyomletea?"

Daktari akavuta kiti, akaketi. "Nani alikuambia hivyo? Mzigo hauleti uvimbe wa ubongo. Wala si laana. Wachache wana ugonjwa wa kurithi katika familia, wengine walipigwa mionzi mikali ya kichwa zamani. Lakini kwa wagonjwa wengi chanzo hatukijui. Hukumfanyia hivi wewe."

Nililia mbele ya watu, mimi mwanamume mzima. Alinieleza pia kwamba uvimbe mwingine ni saratani na mwingine siyo; kuna unaokatwa tu, kuna unaohitaji mionzi au dawa. Wangejua baada ya kupima kipande chake.

Akai alikuwa akisikiliza. "Nyuma ya sikio tu?"

"Tu," daktari akasema.

"Basi nyoeni. Lakini Kaka asishike hiyo mashine, kazi yake ya wembe nimeiona."

Upasuaji ulichukua saa nyingi. Haikuwa saratani! Sitawaficha: kipande kidogo kiliachwa kwa sababu kimeshikana na mshipa wa fahamu, na tunarudi kukipiga picha. Jicho moja bado halijanyooka. Lakini hatapiki tena, na amerudi darasani.

Ndugu zangu, nilidhani imani ni kunyamaza na kuitikia. Miezi mingi nilimbeba dada yangu na hatia isiyo yangu, na aibu yangu nusura imzike. Mungu hakukasirika nilipouliza. Aliniokoa kwa kunifungua mdomo. Ukiwa na mtu nyumbani anayeumwa kichwa kila kukicha, anatapika, macho yanabadilika, usimchanje, usitafute aliyemroga. Mpeleke, na uulize. Namshukuru Mungu, nawashukuru waliomtibu, namshukuru Mama Nyandeng na ulimi wake mkali. Na wewe uliyebeba lako kimya pale nyuma, mwamini Bwana, litamke leo.

Akai, simama wakuone.