Kengele Iliyomshinda Mzee Mdoe

Tarehe 30 Juni 1979, Ndugu Sadala Mdoe anastaafu baada ya miaka kumi na saba na ushei ya kufunga vitu vizito kwenye kuta za watu. Aliingia Karakana ya Ujenzi hapa Korogwe Januari 1962, Uhuru ukiwa bado na harufu ya rangi mbichi, na tangu hapo hakuna ukuta wa nje katika Korogwe na Handeni ambao hajautoboa au kuutukana.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa Katibu wa Tawi amekataa. Anasema Mzee Mdoe atausoma kisha atadai sifa ziongezwe. Ni kweli. Fundi huyu amejaliwa mikono, macho na masikio, lakini unyenyekevu ulipogawiwa yeye alikuwa kazini.

Miaka ile taifa lilikuwa na mengi ya kutundika nje: mabango, taa, vipaza sauti, mapipa ya maji. Kila ofisi ilipobadilishwa jina, bango jipya lilikuja zito kuliko la zamani. Kuta zenyewe zilikuwa za matofali ya kujitolea, mengine yameiva vizuri, mengine mabichi ndani kama mkate wa haraka. Mzee Mdoe aligonga kila tofali kwa kidole huku sikio likiwa ukutani, kama mganga wa zahanati anayepima kifua. Tofali likijibu vibaya alihamia la jirani, akamsema aliyelichoma hata kama amesimama hapohapo.

Kazi ikiisha, alikuwa na desturi moja. Alikishika kile alichokifunga, akakunja miguu, akaning'inia mbele ya mashahidi. Alipofunga bango la chuma dukani kwa Bwana Dilip, mwenye duka hakuridhika, maana bango la kwanza lilikuwa limeanguka juu ya kapu la mayai. Mzee Mdoe akaomba chai kwa Mama Geeta, mke wa Bwana Dilip, akainywa kwa mkono mmoja huku ananing'inia kwa mwingine. Kitambi kilipoanza kuonekana, alitueleza kwamba vipimo vyake sasa vimeboreshwa.

Mtu wa namna hiyo hasemi kazi imemshinda. Ndiyo maana habari ya Mazingara imemfuata hadi leo.

Kijiji kimoja huko Mazingara kilijenga ghala la mahindi, kikapewa kengele kubwa kutoka shamba la zamani la mkonge, pamoja na mkono wake wa chuma. Zamani kengele hiyo iliwaamsha vibarua alfajiri. Sasa ingewaita wenye nchi kikaoni, takriban saa ileile. Mzee Mdoe aliifunga ukutani kwa nje, akaning'inia, akapigiwa makofi. Mgeni mkubwa akaja kukata utepe.

Mwaka 1974 ikaja amri kwamba kijiji kihamie tambarare kando ya barabara, mbali na kijito, ili kionekane na wanaopita kwa magari. Watu walipouliza habari ya maji, Bwana Afisa aliyeileta amri hiyo alijibu kwamba maji yako kwenye mpango. Bibi Hamisa, mtunza ufunguo wa ghala, akamuuliza, "Mwanangu, huo mpango unatekwa kwa ndoo gani?" Afisa akatangaza kwamba kengele itangulie, kwani nyumba zote zingepimwa kuanzia pale inapotundikwa, na bila kengele hakuna kijiji.

Mzee Mdoe akatumwa kufungua alichokifunga, nami nikambebea mkoba. Alihangaika asubuhi nzima kwa tindo, nyundo na mtaimbo. Vichwa vya bolti vilikuwa vya mviringo, laini, havishikiki. Afisa akataka kuingia ndani ya ghala, aone bolti zimeshikwa na nini upande wa pili. Bibi Hamisa alikuwa amekwenda msibani na ufunguo. Akataka mlango uvunjwe. Akakumbushwa ni nani aliyekata utepe pale. Akautazama ukuta kama utabomoka, akamkumbuka tena yule mgeni mkubwa, akaacha. Alasiri, mbele ya kijiji kizima, Mzee Mdoe aliweka nyundo chini, akafuta uso, akasema, "Imenishinda." Watoto walicheka hadi wakakaa chini.

Afisa aliondoka na malori yake, akiahidi kurudi na fundi wa kweli, kisha akahamishwa. Mwaka uliofuata wakaja wakubwa wengine, wakakuta kijiji kipo, wakakiandikisha palepale na kukisifu kwa utulivu.

Mzee Mdoe ndiye aliyelipa. Nafasi ya msimamizi akapewa mtu ambaye Mzee Mdoe alimfundisha mwenyewe, kwa maelezo kwamba fundi aliyeshindwa na bolti zake hawezi kusimamia za wenzake. Sisi nasi hatukumwacha. Nati ikigoma popote, hata Mombo, tuliiita Mazingara. Yeye, ambaye hakuna utani aliowahi kuuacha bila jibu, kwa huo tu alinyamaza akanywa chai. Nilidhani ni aibu.

Mwezi uliopita kijiji kiliomba kengele ihamishiwe ukuta wa shule mpya, hatua chache kutoka ghalani. Nilibeba mtaimbo, msumeno na kila chuma kilichokuwapo stoo. Mzee Mdoe alikuwa na spana moja mfukoni. Bibi Hamisa alifungua ghala, tukasogeza magunia ya mahindi, na nyuma yake pakaonekana bamba la chuma na nati zake, zimepakwa grisi, zinang'aa. Alizilegeza kwa spana, akazimalizia kwa vidole. Chai ilikuwa haijachemka, kengele iko chini. Nilipobaki mdomo wazi, alinitazama kama niliyemtusi. "Ponsiano, mimi nifunge kitu nishindwe kukifungua? Mimi?"

Nikamgeukia Bibi Hamisa, nikamuuliza msiba wa siku ile ulikuwa wa nani. "Marahaba, mwanangu," akasema, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia, akafunga mlango wa ghala.

Basi wakubwa wa wakati ule wako mbali, Mzee Mdoe amestaafu, na mimi siwezi kuendelea kukaa na jambo hili kifuani. Mtu aliyependa sifa kuliko chakula cha mchana aliitoa sadaka sifa yake yote hadharani, akaacha tumcheke miaka mitano.

Tunakushukuru, Mzee wetu. Saa ya ukutani tuliyokununulia uifunge mwenyewe huko kwako Kwamndolwa, na majirani waje kukuona ukining'inia. Uishi kwa afya na raha pamoja na jamaa zako. Na kwa niaba ya watu wa Mazingara, ambao asubuhi hii wameteka maji kwenye kijito chao kilekile, asante kwa kushindwa.

Ponsiano, Mtunza Stoo