Rohmingthangi, Aliyetufundisha Kujitaja

Dada yetu Rohmingthangi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 mjini Champhai, kifungua mimba wa mzee Kapchhunga na mama Darthuami. Mimi nilimfuata miaka minne baadaye, na alinibeba sana mgongoni hadi wapita njia wakatania kwamba mimi ni mwanawe.

Alianza shule mwaka 1965. Jeshi lilipohamisha vijiji wakati wa uasi, alikaa nyumbani miaka miwili, akarudi darasani mrefu kuliko wenzake, wakamwita Ngongoti. Hakujali. Alimaliza sekondari mwaka 1977, na kuanzia 1979 alifundisha shule ya msingi hapa Hmunthar.

Tarehe 8 Desemba 1983 aliolewa na marehemu Chhuanliana, fundi seremala. Walijaliwa mtoto mmoja, Sangi, aliyezaliwa kiziwi. Hakuna shule iliyomtaka. Basi mwaka 1994 dada akaanza kumfundisha sebuleni, pamoja na watoto wawili wa majirani, na hapo ndipo ilipoanzia Nyumba yetu ya Watoto Viziwi.

Nyumba hiyo mmeilisha ninyi mlioketi hapa. Kila mama, kabla ya kupika, alitenga konzi ya mchele kwa ajili ya watoto. Kuni zilikutwa mlangoni asubuhi, aliyezileta hajulikani. Lakini mchele haulipi walimu, na dada aliona kwamba bila ruzuku ya serikali nyumba itafungwa. Akahangaika: chama kiandikishwe, kamati ikutane kweli na si kwa jina tu, hesabu zikaguliwe kila mwaka. Kila kitu kikawa tayari, isipokuwa sisi.

Maafisa walikuja mwaka 2019 kuona kama jamii inachangia. Wakamuuliza jirani yetu mzee Dengkunga, ambaye ndiye huziba paa la nyumba ile kila mwaka kabla ya mvua. Akasema, "Mimi napita tu hapa." Kinamama nao wakasema hawajatoa chochote. Mnajua tulivyolelewa: kutaja wema wako ni aibu. Maafisa wakaandika kwamba jamii haishiriki, tukanyimwa. Siku ile dada alicheka. Kesho yake nilimkuta jikoni analia.

Tangu hapo akawa anatufanyisha mazoezi katika ukumbi wa kanisa, yeye akijifanya afisa.

"Mzee Dengkunga, nani kaliziba paa?"

"Lilizibwa."

"Na nani?"

"Nyundo ilikuwepo."

"Nyundo ilipanda yenyewe? Sema, mzee wangu, usinizeeshe."

"Haya, ni mimi. Umeridhika sasa?" Akavuta kofia mpaka machoni, akatoka nje.

Novemba 2022 dada aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Ombi la pili alilikamilisha Aprili mwaka huu akiwa kitandani, karatasi zimetandazwa juu ya blanketi. Hospitalini Aizawl nesi alimuuliza anafanya kazi gani, akajibu, "Sina kazi, mwanangu. Nakaa tu na watoto." Sangi alimsoma midomo, akamwambia kwa mikono, "Mama, umefeli mtihani wako mwenyewe." Wakacheka wote wawili mpaka machozi. Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2023, Sangi akiwa ameishika ile mikono iliyomfundisha kuongea. Inauma, ndugu zangu.

Ameacha binti yake Sangi, mjukuu wake Rinfela, mimi mdogo wake Zahmingliana, na watoto ishirini na sita waliokaa hapa mbele. Wanamtazama Sangi, ambaye anaisoma karatasi hii na kuwaambia kwa mikono kwamba mama yao hatarudi.

Maafisa wanakuja tena Alhamisi, na safari hii dada hayupo wa kutusukuma. Nyumba ikifungwa, watoto hawa hawana pa kwenda. Nawaomba, mtu asiseme anapita tu. Aliyetoa mchele aseme ametoa. Aliyeleta kuni asimame, tumjue.

Nami naanza, maana angekuwa hai angenivuta koti nikae. Nyumba ile ilijengwa na Rohmingthangi. Ni yeye, si mwingine, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Nimekutaja mbele za watu, dada, na leo hukunikatiza. Pumzika.